Hiyo 16 imetokana na nini?

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: je, tuyaamini majibu ya vipimo vya afya ya akili vya kwenye simu? Mimi nauliza kwanza: anayeyasoma hayo majibu amekaa na nani?

Binti wa dada yangu anauza kwenye duka la nguo Kariakoo, anaishi Chanika. Jioni moja alinipitia Gongo la Mboto, hata shikamoo hakuimaliza, akanipa simu. Kipimo cha PHQ-9, kile cha maswali tisa, kilikuwa kimempa 16, na chini yake pameandikwa sonona iliyo kati ya wastani na kali. "Mamdogo, watanipeleka Mirembe?" Yaani ile hospitali ya wagonjwa wa akili, Dodoma.

Nikamwambia keti, tuyarudie moja moja. Kila swali linahusu wiki 2 zilizopita na lina alama 0 hadi 3, kwa hiyo mwisho ni 27. Usingizi kajipa 3. Uchovu 3. Kula 3. Kutuliza akili, 3. Hapo tayari ni 12. Lakini mtoto wake alikuwa anaota meno, usiku kucha ni kilio, na saa kumi alfajiri mama mtu yuko kituoni anagombea daladala. Chakula chake cha maana ni chipsi za jioni. Nani angelala hapo? Kipimo hakina pa kuandika hayo. Wala hakijui kama mtu kapungukiwa damu au ana shida ya tezi ya shingo, mambo ambayo nayo huchosha mwili vilevile. Huzuni kajipa 2, kukosa hamu ya mambo 1.

Tukafika la tisa, linalouliza kama umekuwa ukiona heri ufe au ujidhuru. Kajipa 1. Kwenye jumla, hiyo 1 haionekani kabisa. Nikamuuliza ni lini. Akasema ni usiku, mtoto akishalala. Kwetu hakuna ambaye angemuuliza jambo hilo kwa mdomo wake. Tungemwambia asali, ajikaze.

Kesho yake tulikwenda hospitali. Daktari aliagiza damu ipimwe, akakaa naye kwa maongezi marefu. Hakuanza na ile 16. Alianza na ile 1.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema vipimo hivi vifutwe. Sasa nasema vibaki, ila waandike juu kabisa, kabla ya namba yoyote, kwamba kazi yake ni kuchuja nani akaonwe na daktari, siyo kutaja ugonjwa. Na ukijibu lile la tisa chochote zaidi ya sifuri, usingoje jumla: mwambie mtu siku hiyohiyo, kisha uende hospitali.

Na wasio na mamdogo wa kumpitia? Hapo msimamo wangu unayumba. Kwao naona heri wakijaze hospitalini mbele ya nesi, ingawa najua foleni za huko zinavyokatisha tamaa.