Ukihamisha mpangilio wa usalama, mahali pa zamani pasiwe bubu

Mtu mwenye skripti inayomfanyia kazi kwa miaka hasomi maelezo ya toleo jipya. Anaiendesha tu, halafu anaendelea na shughuli zake. Ukitaka kuhamisha mpangilio wa usalama kwenye mfumo endeshi, mfikirie huyo kwanza.

SELinux, mfumo wa ulinzi ndani ya Linux unaoamua programu ipi iguse nini, ndiyo iliyonifunza haya. Kwenye Fedora na Red Hat mpangilio wake unakaa /etc/selinux/config, ila wengi tumezoea /etc/sysconfig/selinux. Hilo la pili si faili kamili, ni simulinki, yaani kiungo kinachoelekeza kwenye la kwanza. Ukiliandika upya kwa mkono, kwa kawaida mabadiliko yanafika panapotakiwa. Shida huanza na sed -i, amri ya kubadilisha maandishi ndani ya faili ambayo skripti nyingi huitumia. Amri hiyo hutengeneza faili jipya, kisha huliweka mahali pa lile la zamani. Simulinki inatoweka, na panabaki faili la kawaida lisilosomwa na yeyote. Ukilifungua unaona SELINUX=enforcing (inazuia), roho inatulia, kumbe mashine imewaka ikiwa permissive (inaandika tu kwenye logi bila kuzuia). Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna huduma iliyozimika. Nimekuta seva za namna hii, na wasimamizi wake walikuwa watu makini kabisa.

Kwa msimamizi, dawa ni sed -i --follow-symlinks. Na usiliulize faili, uulize mfumo: getenforce, au sestatus, ambayo huonyesha hali ya sasa na hali iliyoandikwa kwenye mpangilio.

Lakini mzigo mkubwa ni wa anayehamisha. Simulinki peke yake haitoshi. Programu inayosoma mpangilio ikague sehemu zote mbili. Zikitofautiana, ilalamike kwenye logi na ifuate thamani iliyo kali zaidi. Kifurushi cha usasishaji nacho kibebe thamani aliyoiweka msimamizi, kisimrudishie ya kiwandani.

Mpangilio kuhamia folda ya vipande, yaani faili moja kugawanywa kuwa mafaili madogo, una mtego wake. Chukua OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, ambayo upande wa seva huitwa sshd: kwenye Ubuntu, mstari wa Include unaosoma /etc/ssh/sshd_config.d/ upo juu kabisa, na sshd hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo. Unaandika PasswordAuthentication no (kukataza kuingia kwa nywila) kwenye sshd_config, huku 50-cloud-init.conf iliyo ndani ya folda hiyo ikisema yes, na yes ndiyo inayoshinda. Endesha sshd -T uone kinachotumika kweli.

Kazi iliyofanywa vizuri ni ile ya kuondoa uwezo wa kuizima SELinux baada ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi, kuwaka. Kuizima kabisa kulihamia kwenye vigezo ambavyo kerneli hupewa inapowashwa, kwa selinux=0. Fedora 34, ya mwaka 2021, haikumwangusha aliyebaki na SELINUX=disabled kwenye faili lake: mashine iliwaka, SELinux ikabaki ndani ya kerneli bila sera (kanuni zake) kupakiwa, jambo lililo karibu sana na alichotaka. Katika kerneli yenyewe walianza na onyo kwenye logi, baadaye wakaongeza ucheleweshaji wa makusudi wa sekunde kadhaa, na uwezo huo ukaondolewa katika toleo la 6.4, mwaka 2023. Naupenda sana ule ucheleweshaji. Onyo la kwenye logi linaweza kukaa miezi bila kusomwa, lakini seva ikichelewa kuwaka lazima mtu aulize kwa nini, na jibu, pamoja na mahali papya pa kwenda, analikuta limeandikwa palepale kwenye logi.