Kaunti Ipi Marekani Ina Pesa Kuliko Zote? Maswali Yenu ya Wiki Hii

Wiki mbili zilizopita niliandika, kwa sentensi moja tu, kwamba kaunti tajiri za Marekani nyingi ziko viungani mwa miji mikubwa, si katikati ya miji yenyewe. Sentensi hiyo imenijazia barua. Nimechagua saba za kujibu. Nyingine zilikuwa vijembe kati ya watu wa Maryland na wa Virginia, nazo nimewaachia wenyewe wamalizane.

Bila kuzunguka: ya kwanza ni ipi?

Loudoun, jimbo la Virginia. Kwa kipimo kinachotumiwa na wengi, yaani kipato cha katikati cha kaya, imekaa kileleni au hatua moja tu chini yake kwa miaka mingi. Takwimu za Ofisi ya Sensa za 2018 hadi 2022 zinaiweka kwenye dola 170,000 na ushee kwa mwaka, wakati nchi nzima ni kama 75,000. Kipato cha katikati hupatikana hivi: unazipanga kaya zote mstari mmoja, kuanzia yenye kidogo hadi yenye kingi, kisha unaikamata ile iliyosimama katikati kabisa.

Mwaka 1990 Loudoun ilikuwa na watu kama 86,000, na sehemu kubwa yake ilikuwa malisho na farasi. Sensa ya 2020 ilikuta watu 420,000. Katikati ya miaka hiyo yalitokea mambo mawili. Uwanja wa ndege wa Dulles, uliofunguliwa 1962 huko porini watu wakaucheka, hatimaye ulizungukwa na ofisi za makandarasi wa serikali ya Washington. Halafu miaka ya 1990 kampuni ya intaneti ya AOL ikahamishia makao yake makuu hapo, nyaya za intaneti zikafuata, na leo eneo la Ashburn lina vituo vya data, yaani majengo ya kompyuta zinazoendesha intaneti, vingi kuliko mahali pengine popote duniani. Nimewahi kupita pale jioni. Ni majengo kama maghala yasiyo na madirisha, moja baada ya jingine, na mvumo wa mashine za kupozea usiokatika, kama jokofu kuukuu lililoachwa uani.

Ila usidhani vituo hivyo ndivyo vinavyolipa mishahara hiyo minono. Ndani mna walinzi na mafundi wachache tu. Faida yake kwa kaunti ni kodi inayotozwa kwenye vifaa vya kompyuta, kodi inayowapunguzia wenye nyumba mzigo. Mishahara inatoka kwenye makampuni ya teknolojia na kandarasi za serikali, na siri kubwa zaidi ni muundo wa kaya. Loudoun ina wanafunzi wachache wa vyuo vikuu na wazee wachache wanaoishi peke yao. Kaya yake ya kawaida ni baba na mama, wote wana kazi, na watoto. Kaya ya mishahara miwili ukiishindanisha na ya ajuza anayeishi na paka wake, matokeo unayajua kabla hata ya kuhesabu.

Shikamoo kaka. Binamu yangu anabisha kwamba ya kwanza ni Teton, Wyoming, na ana karatasi ya serikali mkononi. Nani kati yetu anadanganya?

Marahaba. Hakuna anayedanganya, mmeshika karatasi mbili tofauti. Yako ni ya Ofisi ya Sensa. Yake, kama sikosei, ni ya Ofisi ya Uchambuzi wa Uchumi, ambayo hujumlisha mapato yote ya kaunti na kugawanya kwa idadi ya vichwa. Kwa hesabu hiyo Teton inawaacha wote mbali: imeshapita dola 300,000 kwa kila mtu, watoto wachanga wakiwemo.

Kaunti yenyewe ina watu kama 23,000 na mji mmoja wenye jina, Jackson. Wyoming haitozi kodi ya mapato ya jimbo, na mandhari ya milima ile sihitaji kuyasifia. Kwa hiyo watu wenye hisa na amana kubwa wameandikisha makazi yao pale. Riba yao na gawio lao vinaingia kwenye chungu kimoja na mshahara wa mhudumu wa hoteli, kisha chungu kinagawanywa sawasawa kwenye karatasi. Kwenye karatasi tu. Ukirudi kwenye kipato cha katikati cha kaya, Teton inashuka hadi dola laki moja na kitu. Ni pazuri, lakini Loudoun iko juu sana.

Na hao wahudumu wenyewe wengi hawamudu kulala Jackson. Wanaishi ng'ambo ya mlima, jimbo la Idaho, katika miji ya Victor na Driggs, na kila asubuhi wanavuka barabara ya Teton Pass. Juni 2024 kipande cha barabara hiyo kiliporomoka. Kwa wiki kadhaa, mpaka njia ya muda ilipofunguliwa, safari ya kazini ikawa ya kuzunguka masaa. Kaunti yenye mapato makubwa kuliko zote kwa kila kichwa ikagundua ghafla kwamba wapishi wake na wafua mashuka wake hukaa kaunti nyingine, ambako kipato chao kinahesabiwa kwa jina la huko.

Nimeiona Falls Church kwenye orodha ya kaunti. Si mji ule?

Ni mji. Virginia ina miji 38 inayojitegemea, isiyo ndani ya kaunti yoyote, na Sensa huihesabu kama kaunti. Falls Church ina watu kama 14,600 kwenye eneo la kilomita tano za mraba. Jirani yake Fairfax, ambayo ilikuwa kaunti ya kwanza nchini kuvuka kipato cha katikati cha dola laki moja, ina watu zaidi ya milioni moja, matajiri na mafukara pamoja. Ukimega kipande cha keki chenye krimu nyingi ukakiita keki nzima, lazima kitashinda.

Mume wangu anasema mji tajiri kuliko yote ni Beverly Hills, mimi nasema Scarsdale. Tumewekeana dau: atakayeshindwa anapika mwezi mzima.

Dada, aanze kuosha sufuria. Beverly Hills ina majumba ya fahari vilimani, kweli, lakini chini yake kuna mitaa ya maghorofa, na kaya nyingi za mji ule ni za wapangaji. Kipato chake cha katikati hakiikaribii hata Loudoun.

Scarsdale, kaskazini ya jiji la New York, imo kwenye kundi la juu kabisa. Wenzake ni kama Atherton, Hillsborough na Los Altos Hills, California. Nani kati yao ni wa kwanza? Hapo Sensa inafunga mdomo. Mji ukishavuka kipato cha katikati cha dola 250,000, jedwali linaandika "250,000+" na kunyamaza. Wote wanafungana. Wanaochapisha orodha za kumi bora wanalikwepa dari hilo kwa kutumia wastani wa kawaida, ule unaojumlisha na kugawanya, na wastani huo umeshaona ulivyofanya kule Teton.

Atherton inanivutia kwa sababu nyingine. Ilijiandikisha kuwa mji mwaka 1923 ili isimezwe na jirani yake Menlo Park, na tangu hapo imeishi kwa kukataa. Ina wakazi kama 7,000. Sehemu kubwa ya viwanja ni ya ekari moja au zaidi. Maduka hamna: ukitaka mkate, toka nje ya mji. Ukipita kwa gari huoni nyumba, unaona ua wa miti iliyokatwa kama kwa rula, geti, kamera, ua mwingine. Utajiri wa mji wa namna hii haukuja kwa bahati. Sheria ya ukubwa wa kiwanja inatosha kuchuja nani aingie, bila kumtaja mtu yeyote. New Jersey mahakama kuu ya jimbo ililikemea jambo hili mwaka 1975, kwenye kesi ya Mount Laurel, ikisema kila mji unaoendelea kukua lazima uache nafasi ya nyumba za watu wa kipato cha chini. Miji ya huko inapambana na hukumu hiyo hadi leo.

Greenwich, Connecticut, ni ya mabwanyenye. Mbona kaunti yake ya Fairfield siioni kwenye takwimu mpya?

Haipo kwa sababu Sensa imeacha kuihesabu. Connecticut ilifuta serikali za kaunti mwaka 1960, zikabaki majina na mipaka kwenye ramani. Mwaka 2022 Sensa ikakubali kutumia badala yake kanda tisa za mipango. Fairfield ya zamani iliwaweka pamoja Greenwich, yenye mameneja wa mifuko ya uwekezaji, na Bridgeport, mji wa viwanda vilivyofungwa. Sasa wako kanda mbili tofauti. Greenwich imetajirika na Bridgeport imefukarika, na hakuna mtu aliyeongezewa wala kupunguziwa hata senti.

Naishi Prince George's, Maryland. Tuliambiwa sisi ndio kaunti tajiri kuliko zote za Wamarekani Weusi. Bado?

Kwa kipato, hapana tena. Kufikia 2022 ilishajulikana kwamba jirani yenu wa kusini, Charles, ambako Weusi sasa ndio kundi kubwa zaidi, amewapita. Kwa takwimu za 2018 hadi 2022, Charles ilikuwa kwenye dola 116,000 hivi, nyinyi karibu 98,000. Wengi waliohamia Charles walitoka kwenu, wakifuata nyumba kubwa kwa bei nafuu na kukubali foleni ndefu ya asubuhi. Kwa hiyo mmepitwa na watoto wenu wenyewe.

Lakini neno "tajiri" hapa ndilo linalonisumbua. Prince George's ilijengwa na wafanyakazi wa serikali kuu, walimu na wauguzi waliotoka Washington baada ya sheria ya 1968 kupiga marufuku ubaguzi wa makazi. Mishahara ilikuwa mizuri na thabiti. Kisha ukaja msukosuko wa 2008, na hakuna kaunti ya Maryland iliyotwaliwa nyumba nyingi na benki kama yenu. Mshahara ulibaki, akiba ya miaka 20 iliyokuwa ndani ya kuta za nyumba ikaondoka. Orodha ya kaunti tajiri haikuona kitu, maana yenyewe inauliza umeingiza kiasi gani katika miezi 12 iliyopita, basi. Una nini na unadaiwa nini, haiulizi. Benki Kuu ya Marekani huuliza hayo kila baada ya miaka mitatu, na mwaka 2022 ilikuta familia ya katikati ya Wazungu ina mali halisi ya dola 285,000, ya Weusi 44,900. Utafiti huo haushuki hadi ngazi ya kaunti. Kwa hiyo orodha rasmi ya kaunti kwa mali, ukiniuliza, hamna. Zote unazoziona ni za kipato zilizovaa koti la utajiri.

Nimepata kazi mbili: moja Santa Clara, California, nyingine kaunti ya Delaware, Ohio, kwa mshahara pungufu wa robo. Zote nasikia ni za kitajiri. Niende wapi?

Kwa mfuko tu, Ohio. Delaware, kaskazini ya Columbus, ina kipato cha katikati cha zaidi ya dola 110,000, na nyumba ya kawaida huko bado inanunulika kwa mshahara wa kawaida. Santa Clara ni moyo wa Silicon Valley, ukanda wa makampuni ya teknolojia. Huko mtu wa mshahara wako anapanga, na anaendelea kupanga.

Ukiamua California licha ya hayo, kuna mtego mmoja. Tangu 1978, sheria iliyopitishwa kwa kura ya wananchi, Proposition 13, inazuia thamani ya nyumba inayotumika kukadiria kodi ya serikali isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Mzee aliyenunua 1985 anaweza kulipa sehemu ndogo tu ya kodi ya jirani aliyenunua jana, na nyumba zao ni pacha. Siku unayonunua wewe, thamani inaanza upya kwenye bei yako. Kwa hiyo dalali akikuonyesha risiti ya kodi ya muuzaji, mrudishie. Chukua bei utakayolipa wewe, piga asilimia 1, ongeza tozo za mtaa ule, ndipo umpigie simu mwajiri.