Mdogo wangu, usipande hiyo ndege kwa viza ya matembezi

Usipande. Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala ya Mbagala, nikashindwa kusubiri nifike nyumbani.

Unasema wakala wa Kariakoo amekupatia kazi ya ndani Muscat kwa riali 90 kwa mwezi, unaondoka Jumanne kwa viza ya matembezi ya siku 30, na "ukifika wanaibadilisha iwe ya kazi". Unauliza kama riali 90 inatosha, ubebe hela ngapi ya mfukoni, laini ya simu utaipataje, na kama ni kweli siku hizi Omani unaweza kuhama kwa bosi bila ruhusa yake. Wachangiaji waliotangulia wamekutakia safari njema. Mimi nakuomba uchukue hiyo karatasi ya viza uisome.

Tafuta mstari wa aina ya viza. Kama kuna 26B, ambayo ni namba ya viza ya utalii, au neno lolote la Kiingereza la utalii, hiyo si viza ya kazi na anayeibeba si mfanyakazi. Viza ya kazi inataja kafili wako, yaani mwajiri anayekudhamini, na inataja kazi unayokwenda kufanya. Yangu ilikuwa 26B. Niliiona, nikamwuliza wakala mbele ya wenzangu watatu. Akanijibu bila kupepesa macho: "Hiyo ni ya kuvukia mlango tu. Ukiwa ndani, ofisi ya kule inabadilisha, wiki mbili haziishi." Nikaridhika. Nilikuwa nimeshamlipa laki nane na nusu, na mtu aliyeshalipa hupenda kuamini.

Kilichonimaliza ni kwamba hakuwa amebuni. Kabla ya hapo watu walikuwa wanaingia Omani kwa matembezi na viza inabadilishwa hukohuko ndani. Binti wa jirani yetu Tandika alipita njia hiyo na mambo yakamnyookea. Ndiyo maana mama naye alikubali. Tulikuwa na mfano hai, anatuma hela kila mwezi, sasa ungebishana na nini?

Mimi niliondoka Dar mwanzoni mwa Oktoba 2023. Tarehe 31 Oktoba 2023 polisi wa Omani, ambao ndio wanaoshughulika na viza kule, walitangaza kusitisha kubadilisha viza za matembezi na za utalii kuwa za kazi, kwa mataifa yote. Tangazo moja, siku moja. Nilikuwa na wiki tatu ndani ya nyumba ya watu.

Safari yenyewe ilitosha kunionya. Hatukuondokea uwanja wa Julius Nyerere. Tulipanda basi pale Mbezi Luis, wasichana wanne, tukavuka Namanga, tukarukia Nairobi. Wakala alisema tiketi za Nairobi ni nafuu. Kumbe alikuwa anakwepa dirisha la uhamiaji la hapa kwetu, ambako afisa angeweza kutuuliza swali moja tu: mkataba wenu uko wapi? Kama na wewe umeambiwa mnaanzia kwa basi, jua hilo basi ni la kazi gani.

Nyumba ilikuwa Seeb, hukohuko Muscat, ghorofa mbili, watoto watano. Usiku wa kwanza madam alinyoosha mkono akataka pasi ya kusafiria, nikampa. Alfajiri saa kumi na moja niko jikoni, usiku saa tano bado napiga pasi kanzu. Hiyo nilijiandaa nayo, kazi haijawahi kunitisha. Tarehe 2 Novemba nakaanga sambusa, madam akaingia na simu mkononi, ananionyesha maandishi ya Kiarabu. Kiarabu nilichokuwa nacho ni cha ndoo, ufagio na mtoto analia. Ikabidi binti yake mkubwa anitafsirie kwa Kiingereza cha shule: viza yako haibadiliki tena. Sambusa zikaungua. Madam hakugomba kwa ajili ya sambusa, na hapo ndipo nilipojua jambo ni zito.

Viza ilikwisha tarehe 6. Akapiga simu ile ofisi ya Muscat iliyonipokea, wenyewe wanaiita maktabu. Wakamwambia ama anikatie tiketi nirudi, ama nikae hivyohivyo. Akachagua hivyohivyo. Maana yake nifanye kazi bila kukanyaga nje ya geti, kwa sababu nikitoka nakamatwa. Mshahara wa Oktoba alinipa riali 35, zilizobaki akasema amekata gharama alizolipa maktabu. Novemba hakunipa kitu. Nikidai, ananiuliza kwa upole kabisa: utanishitaki wapi?

Na kweli, nilipokwenda kushitaki ndipo nilipoyaona. Dada mmoja wa Tanga aliyekuwa nyumba ya pili alinielekeza ofisi ya mambo ya kazi, nikatoroka asubuhi ya Jumapili, kule Jumapili ni siku ya kazi. Afisa hakunifukuza. Aliniuliza bataka, kile kitambulisho cha mkaazi, sina. Akauliza mkataba, sina. Akaandika namba ya pasi niliyokuwa nimeinakili kwenye karatasi ya tambi, kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta nijionee mwenyewe. Mgeni, muda wake umekwisha. Pale palipotakiwa kuwa na jina la mwajiri palikuwa patupu. Nimefua, nimepika, nimelea watoto watano, lakini kwenye kumbukumbu za nchi ile sikuwahi kufanya kazi hata siku moja. Sasa madai ya mshahara ya mtu ambaye hakufanya kazi yanafunguliwa vipi?

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kuhama kwa bosi. Ni kweli kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2021 Omani waliondoa ile barua ya kafili ya kutopinga mfanyakazi wake kuhama, na mfanyakazi aliyemaliza mkataba wake anaweza kwenda kwa mwajiri mwingine. Soma tena: aliyemaliza mkataba. Wa matembezi hana mkataba wa kumaliza. Juu ya hapo, sheria yao kuu ya kazi, hata ile mpya ya 2023, haiwagusi wafanyakazi wa majumbani, wao wamewekewa kanuni za pembeni. Wanaotaja Qatar nao wako sahihi kwa Qatar yao: kule barua iliondolewa 2020, na tangu Machi 2021 kuna kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 za Qatar ambacho kinamhusu na mfanyakazi wa ndani. Ni sheria nzuri. Lakini zote zinamlinda mtu aliyesajiliwa kama mfanyakazi. Watu wanakutumia vipande vya habari njema kuhusu haki mpya Uarabuni, wala hawakwambii kwamba viza ya matembezi inakuacha nje ya hizo haki.

Tena hili usilione la Waarabu peke yao. Hapa kwetu, kwa sheria ya kuratibu ajira za wageni ya 2015, mgeni anatakiwa awe na kibali cha kazi mbali na kibali cha ukaazi. Yule anayekutwa Kariakoo anauza dukani kwa viza ya kutalii tunamwona sisi wenyewe anavyopandishwa kwenye gari. Huko utakuwa wewe.

Nirudi kwenye hela, kwa sababu ndiyo iliyotuumiza nyumbani. Ukizidisha muda wa viza ya matembezi Omani, faini ni riali 10 kwa kila siku. Mimi nilitoka tarehe 9 Januari 2024, siku 64 baada ya viza kwisha. Riali 640. Riali moja ni dola 2.6, kwa hiyo ni zaidi ya milioni nne za Kitanzania za wakati ule, bado nauli. Madam alipoona mambo yanaweza kumgeukia na yeye, maana kumfanyisha kazi mtu asiye na viza ya kazi ni kosa kwake pia, alinitupia pasi juu ya kaunta ya jiko na kuniambia niondoke. Nikalala kwenye chumba cha Watanzania wenzangu mtaa wa Ruwi, Muscat, tuko saba, nikisubiri hela ya kutokea. Kaka yangu aliuza bodaboda yake, aliyokuwa anailishia watoto wawili. Mama alikopa kikoba na rejesho la mwisho amelimaliza mwaka jana. Miezi mitatu ya kazi, nilichopokea ni riali 35.

Na yule wakala! Huyo nina maneno naye hadi leo. Alikula kwangu, akala na kwa maktabu. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1997 unasema wakala wa ajira hatakiwi kumtoza mfanyakazi ada, si moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Yeye aliiita "ya mchakato", tukahesabu noti mbele yake. Nilipomtumia ujumbe Novemba kumwambia kwamba viza haibadiliki, alinijibu "vumilia mdogo wangu, hayo ni mapito", kisha akanizuia kwenye simu. Niliporudi nilipanda ngazi za ile ghorofa Kariakoo nikakuta chumbani kwake panauzwa makava ya simu. Dada wa dukani alinitazama hata kabla sijafungua mdomo. Akasema, na wewe umeuziwa safari? Mimi nilikuwa wa sita kumwuliza. Nasema kwa uchungu: mtu anayejua njia imefungwa na bado anawapakia watoto wa wenzake kwenye basi, huyo si dalali wa kazi. Tuna sheria ya kuzuia biashara ya kusafirisha binadamu tangu 2008, na mimi sioni kwa nini isimhusu.

Huyo wako atakwambia mambo yamebadilika tena, siku hizi wanaruhusu. Hata kama ni kweli leo, mdogo wangu, mimi nilikuta yamebadilika nikiwa jikoni. Tangazo halikusubiri nimalize mwezi. Mwenye viza ya kazi, tangazo la namna hiyo linampita juu kwa juu. Wewe utakuwa umeweka maisha yako yote juu ya jambo ambalo ofisi ya watu inaweza kulifunga siku yoyote.

Kwa hiyo ninachokwambia ni kimoja: viza ya kazi na mkataba wenye jina la mwajiri, mshahara na kazi yenyewe, viwe mkononi mwako hapahapa Dar kabla hujapanda chochote, iwe ndege au basi. Si picha kwenye simu ya wakala. Mwambie akuonyeshe leseni yake ya uwakala wa ajira, kwa sababu kisheria hawezi kufanya shughuli hiyo bila leseni. Nenda TaESA, ile ofisi ya serikali ya huduma za ajira, na jina la kampuni yake uwaulize kama wanamtambua, na mkataba uwe umepita kwao na kwa ubalozi wetu Muscat. Akikwambia mzunguko huo unachelewesha, amekujibu. Akikwambia mpitie Zanzibar, kumbuka kazi na ajira si jambo la Muungano, wenzetu wana ofisi zao na taratibu zao, na mtu wa Bara anayepitishwa huko ili akwepe za huku anaweza kujikuta hana wa kumdai pande zote mbili.

Riali 90 kwenye mkataba ni mshahara. Riali 90 mdomoni mwa wakala ni maneno.

Najua hela umeshampa, na najua nyumbani wameshaaga. Mimi nilifanyiwa hadi kisomo, ubwabwa ukapikwa, na aibu ya kuahirisha ndiyo iliyonipandisha lile basi. Ahirisha. Watacheka wiki moja.

Leo ni Alhamisi, una kesho nzima ofisi ziko wazi. Usiku huu piga picha hiyo viza, funika namba ya pasi, nitumie inboksi. Nitakusomea mstari kwa mstari. Nimeshafika nyumbani, niko macho hadi saa sita.