Kurudi kwa pepa ya unesi baada ya miaka 14: shika kalamu kabla ushike notsi

Nilimaliza kidato cha nne 2007. Wenye walikua Kisumu wakati huo hawahitaji kuelezewa, tulimaliza mtihani, Disemba watu wakapiga kura, alafu fujo za uchaguzi zikaanza na mji ukaungua, na venye matokeo yalitoka 2008 nilikua nimepata C plain, nina C ya baiolojia na C ya Kiswahili na C- ya hesabu, lakini nyumbani hakuna mtu alikua na nguvu ya kuulizia mambo ya college kwa sababu duka lenye lilikua linanilipia karo lilikua majivu. Nikaolewa, nikazaa, nikaanza kuuza omena, hizi dagaa, kwa soko la Kibuye. Pepa ya kuingia shule ya unesi nimekuja kufanya 2021. Sai niko mwaka wa tatu, niko wodini na sare yangu.

Naandika hii kwa sababu haiishi wiki kabla dada fulani aniulize, ati Nyar Gem (ndio wananiita hivo), kweli mtu wa 33 anaweza rudi akae kwa dawati, si kila kitu kimetoka kichwani? Jibu langu, ndiyo, kimetoka, na ndiyo, unaweza. Lakini kuna namna ya kusoma yenye inakudanganya na ndio ilinimaliza mara ya kwanza, na hiyo ndio nataka tuongee leo.

Kwanza angalia cheti chako kabla utoe hata shilingi ya fomu. Diploma ya unesi hapa Kenya wanataka C plain ya jumla, C ya Kiingereza ama Kiswahili, C ya baiolojia, na C- kwa moja kati ya kemia, fizikia ama hesabu. Ukiwa na hizo, miaka yenye imepita si kitu, gredi haiozi. Kama cheti kiko shuleni kwa sababu ya salio la karo, nenda ukiulizie kwa heshima lakini ukijua sheria ya KNEC, baraza la mitihani, ya 2012 hairuhusu shule kukushikia. Mimi changu nilikitoa na vumbi juu. Na kuna njia mbili, ukitaka KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, unapitia KUCCPS, wale wanagawa nafasi za vyuo, na huko wanaangalia gredi, lakini shule nyingi za hospitali za misheni na za watu binafsi huku kwetu zinakuita ufanye pepa ya kuandika alafu ukae mbele ya watu uulizwe maswali. Mimi nilipitia hii ya pili. Hakikisha tu shule yenyewe iko kwa orodha ya Nursing Council, baraza la wauguzi, kwa sababu mwisho wa yote ni hao wanakupa mtihani wa leseni, na kama hawatambui shule yako umesoma bure.

Sasa mara ya kwanza. Nilijiandaa miezi miwili, na nilisoma kweli, mtu asiniambie sikusoma. Nilikua na notsi za baiolojia kwa simu, nasoma kwa matatu, nasoma nikingoja omena ikauke, nasoma usiku wengine wamelala. Na kila kitu nilikua naona nakielewa. Moyo, naam, nakumbuka. Figo, naam, hii tulifanya. Asilimia, hiyo rahisi. Nikaingia kwa chumba cha mtihani, nikageuza karatasi, swali la kwanza la hesabu ni sehemu, mambo ya tatu juu ya nane, na mkono wangu haukusonga. Nilijua nimewahi kujua. Kichwa kilikua kinaniambia hii umeiona, lakini hakuna kitu kilikua kinatoka. Nilifika swali la kumi na moja kati ya thelathini mda ukaisha, na kidole cha kati kilikua kinauma kama kimebanwa na mlango, kwa sababu miaka yote hiyo kitu kirefu nilikua nimeandika ni orodha ya wenye wananidai na wenye nawadai.

Nililia kwa boda mpaka Kondele.

Mtu mwenye alinifungua macho ni mwanangu. Alinikuta na simu nikirudia zile zile notsi akaniambia, mama, wewe unasoma kama mtu anaangalia picha, funga simu uniandikie. Akanipa karatasi. Akaniambia andika kila kitu unajua juu ya damu. Niliandika mistari minne nikaisha. Kumbe nilichokua naita kuelewa ni kutambua tu, ni kama kuona mtu sokoni unajua sura lakini ukiambiwa umwite jina unashindwa, na mtihani unataka jina.

Kwa hivo tukabadilisha kila kitu. Nilinunua daftari la kurasa 200 na kila asubuhi saa kumi na nusu, kabla niende ufuo wa Dunga kuchukua mzigo wa omena, naandika saa moja. Si kusoma, kuandika. Nafungua swali, najaribu bila kuangalia popote, nikikwama ndio natafuta jibu, alafu kesho yake narudia lile lile swali kwa karatasi safi. Wiki ya kwanza ilikua mateso kusema ukweli, nusu ya daftari ilikua mikwaruzo. Wiki ya tatu mkono ukaanza kuzoea. Karatasi za KCSE (mtihani wa kidato cha nne) za miaka iliyopita nilizipata kwa wale wa vitabu kuukuu kando ya barabara, na Jumamosi nikiweza naenda maktaba ya taifa pale mjini kwa sababu nyumbani Jumamosi hakuna kunyamaza.

Hesabu ndio inaogopesha watu zaidi, na ndio nataka nikae hapo kidogo. Hawakupi mambo ya ajabu. Wanakupa sehemu, asilimia, uwiano, desimali, kubadilisha gramu kua miligramu na lita kua mililita, na hawataki kalkuleta. Sasa sikia, kama umeuza kitu maisha yako hizi hesabu uko nazo, ziko tu kwa lugha nyingine. Mimi nilikua nachukua gunia la omena 6,000, natoa gorogoro 24, ule mkebe wa kupimia. Kila gorogoro imenigharimu 250. Nauza 300. Faida ni 50 juu ya 250, hiyo ni 20 kwa mia. Hiyo hesabu nilikua nafanya nikiongea na kasitoma na mtoto mgongoni, lakini ukiniandikia kwa ubao neno asilimia naganda. Siku mwanangu alichukua gunia langu akaliandika kama swali la kitabu nilikaa nikaangalia hiyo karatasi kitambo, kwa sababu miaka yote nilikua nimeambiwa mimi si mtu wa hesabu na nikaamini.

Alafu kuna sista, yaani nesi, jirani yetu Migosi, anafanya kazi pale Russia, ndio venye tunaita hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, yeye akanionyesha kwa nini wanatuuliza hizi vitu. Akaniambia, mtoto ana kilo 12, dawa ya homa ni miligramu 15 kwa kila kilo, chupa inasema miligramu 120 ziko kwa mililita 5, mpe ngapi? Nikaandika. 12 mara 15 ni 180. 180 gawanya kwa 120 ni moja na nusu. Moja na nusu mara 5 ni mililita 7.5. Akaniambia sasa fikiria uweke nukta mahali si pake, umempa 75. Kutoka hiyo siku sikuwahi tena kuona desimali kama kitu cha kumkomoa mwanafunzi. Kuna mtoto upande ule mwingine wa hiyo nukta. Fanya maswali matano kila siku kwa mkono, usiruke hata siku ya msiba, ukikosa nafasi fanya mawili.

Kiingereza nacho. Pepa yote ni ya Kiingereza na hii watu wanasahau, mimi miaka 14 nimeishi na Kijaluo na Kiswahili, Kiingereza nilikua nakutana nacho kwa risiti. Nilichofanya kila usiku ni kuandika nusu ukurasa juu ya kitu kimefanyika siku hiyo, kitu chochote, bei ya mafuta, ugomvi wa maji ploti, alafu mwanangu anaweka alama nyekundu. Inaumiza kusahihishwa na mtoto wako, nakubali. Lakini meza hiyo kiburi. Mtihani wangu wa pili ulitaka insha ya ukurasa mmoja na nusu na nilimaliza mda ukiwa umebaki.

Baiolojia usisome, chora. Moyo na vyumba vyake vinne, chora bila kuangalia, andika majina, weka mishale damu inaenda wapi. Figo. Njia ya chakula kutoka mdomo mpaka mwisho, ini liko wapi, kongosho iko wapi. Mimi nilichora nyuma ya kalenda za mwaka uliopita nikabandika jikoni na nilikua nawaeleza watoto wadogo kwa Kijaluo nikipika, kwa sababu ukiweza kuelezea mtoto wa miaka saba kwa nini damu ya upande huu haichanganyiki na ile, basi hiyo unaijua. Kemia sikuingia sana, niligusa tu asidi na besi na nikaendelea.

Sasa mahojiano. Mara ya kwanza nilificha ile miaka. Waliniuliza nimekua wapi nikasema nilikua nyumbani, sauti chini, kama mtu ameshikwa na kosa. Mara ya pili nikakaa sawa nikawaambia nilikua nauza omena na nimemuuguza mama mkwe wangu miaka minne, alikua na sukari na kidonda mguuni, na masista walinifundisha kukisafisha na nilikua nakisafisha kila siku, nilijua harufu ya kidonda kikianza kuharibika kabla hata uone kitu. Mama mmoja kwa hiyo meza akaweka kalamu chini akaanza kuniuliza maswali ya kweli. Ulikua unanawa mikono lini? Akikataa usimguse ulikua unafanya nini? Akikuambia siri ya mwanawe ulimwambia nani? Tuliongea. Dadangu, kama umelea mgonjwa, umezika, umekesha Casualty, pale kwa dharura, na mtoto wa jirani, usiingie pale ukiomba msamaha kwa ajili ya miaka yako. Iseme na maelezo, mambo yenye ulifanya kwa mikono, si ati nina moyo wa huruma, hiyo kila mtu anasema.

Pia jua afya ya huku kwetu. Waliniuliza ugonjwa gani unasumbua hii sehemu na nini kinafanywa, na nikaongea malaria, na ile chanjo yenye ilizinduliwa Homa Bay Septemba 2019, wakati huo mtoto alikua anadungwa miezi 6, 7, 9 na ya mwisho akiwa na miezi 24, na kwamba wamama wengi walikua wanasahau hiyo ya mwisho kwa sababu mtoto ashakua anakimbia. Hiyo sikuisoma mahali, niliona kwa ploti yetu.

Kitu kimoja kilinikasirisha sana na sitaki kikupate. Kuna mtu alinipigia kabla ya pepa ya kwanza akisema anajua watu ndani na nikituma elfu tano nafasi yangu iko. Nilituma, pesa ya mzigo wa wiki, na simu ikazima. Hakuna mtu wa ndani. Hiyo elfu tano nunua nayo vitabu na kalamu na nauli.

Siku yenyewe beba cheti cha asili, kitambulisho, kalamu mbili zenye umeandika nazo tayari si mpya kutoka duka, na kama shule iko mbali lala karibu hata kama ni kwa sakafu ya mtu wa kanisa lenu. Kula. Anza na maswali unajua. Na kabla ya hapo, nyumbani, jifanyie pepa nzima angalau mara nne ukiwa na saa mezani na mlango umefungwa, hata watoto wakigonga, kwa sababu kukaa masaa mawili bila kuinuka ni kitu mwili umesahau kabisa.

Lile daftari langu la kurasa 200 sina tena. Liko na mama wa nyanya mwenye tulikua tunauza naye Kibuye, ana miaka 38, pepa yake ni mwezi ujao. Juzi alinipigia saa tano usiku nikitoka zamu, akauliza kwa nini tatu juu ya nane ya 40 ni 15, anaona jibu limeandikwa lakini haoni limetoka wapi. Nikamwambia weka simu kwa spika, shika kalamu, gawanya nyanya 40 kwa mafungu nane. Nikamskia akiandika.