Sungura hali, tumbo limejaa: je, ni mabibo?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Masasi. Wanangu wana sungura wawili, wanawalisha pumba, majani ya muhogo na mabibo, maana msimu huu yamejaa. Tangu jana jioni mmoja amejikunyata, hali kitu, tumbo limejaa. Tumekosea wapi, na wale nini?

JIBU: Marahaba, dada. Naanza na mgonjwa. Sungura akipitisha muda wa saa 12 bila kula, mpelekeni kwa daktari wa mifugo leo hii, msingoje kesho. Hana uwezo wa kutapika. Mkiwa mnajiandaa, ondoeni pumba na mabibo, mwekeeni maji na ukoka. Msimnyweshe uji kwa bomba; tumbo likishajaa gesi, kumlazimisha kunaweza kumuua.

Sasa chanzo. Mwanzoni mwa utumbo mpana sungura ana kifuko kikubwa ambamo vijidudu huchachusha nyuzi za majani. Sukari na wanga vikizidi humo, vijidudu vibaya hushamiri na gesi hujaa. Bibo lina sukari nyingi, na lililookotwa chini mara nyingi limeshaanza kuchacha. Pumba nayo ina wanga mwingi, tena ikiota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu.

Majani ya muhogo yananitia hofu zaidi. Yakitafunwa mabichi hutoa sianidi, na mihogo michungu ndiyo yenye sumu nyingi. Sisi kisamvu tunakitwanga na kukichemsha sana. Sungura anakitafuna kama kilivyochumwa. Acheni kabisa.

Chakula chake ni ukoka, mbichi au uliokaushwa, uwepo mchana na usiku. Meno yake hayaachi kukua, na nyasi ndizo zinazoyasaga. Lakini dada, msikate ukoka chini ya mikorosho! Inapulizwa salfa na viuatilifu. Salfa ya unga utaiona: pangusa jani kwa kidole gumba, kikitoka na njano, tupa. Dawa ya maji haiachi alama, kwa hiyo kateni mbali na mashamba.

Juu ya ukoka ongezeni konzi ya matembele, majani ya mlonge au ya mgomba. Mchicha kidogo tu. Karoti, kipande cha ukubwa wa kidole gumba mara mbili kwa wiki. Parachichi na majani yake, vitunguu, maharage mabichi, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, hivyo ni marufuku. Ugali, mkate na korosho pia wasipewe, hata watoto wakiwaonea huruma.

Yule mzima, mabibo na majani ya muhogo msimpe tena kuanzia leo; pumba ipunguzeni taratibu kwa siku 7 hadi 10. Kila asubuhi watoto waangalie kinyesi: kiwe vidonge vikavu vya mviringo, karibu na punje ya dengu, ukikifikicha unaona nyuzi za nyasi. Vikiwa vidogo sana au vikikosekana, nipigieni siku hiyohiyo.