Kwa anayeanza kazi kwenye majaribio ya dawa mpya za kuzuia damu kuganda

Wauguzi, maafisa wa kliniki na wafamasia wengi wanaoanza kazi ya utafiti hapa Kampala hufika wakiwa wameshakariri sifa za dawa mpya. Wanazijua dabigatrani, rivaroksabani, apiksabani na edoksabani, na wanajua zilivyoinyang'anya warfarini, dawa ya zamani ya kazi hiyohiyo, nafasi iliyoshika tangu miaka ya 1950. Hiyo ni sawa. Lakini kabla hujauliza dawa mpya ilifanya nini, uliza warfarini iliyoshindanishwa nayo ilisimamiwa vipi. Nikiulizwa na mgeni aanzie wapi, namwelekeza hapo.

Warfarini inataka INR, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ikae kati ya 2 na 3 kwa wagonjwa wengi. Ikishuka damu inaganda, ikipanda mtu anavuja. Na inayumbishwa na mengi: mboga za majani kama dodo na nakati kwenye sahani, dawa za kifua kikuu, mgonjwa aliyekosa nauli ya kuja kupima. Katika jaribio la RE-LY la mwaka 2009, lililoshindanisha dabigatrani na warfarini kwa washiriki 18,113 wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio (AF), waliopewa warfarini walikaa ndani ya kiwango takribani 64% ya muda. Katika ROCKET AF la mwaka 2011, la rivaroksabani dhidi ya warfarini, washiriki 14,264, ilikuwa 55%. Kwa hiyo anayekuambia dabigatrani imeizidi rivaroksabani kwa kutazama majaribio hayo mawili, mwache aendelee kuongea, wewe shika kazi yako. Zilipambana na warfarini za hali tofauti, na kwa wagonjwa tofauti.

Tazama pia nani alijua nini. Kwenye RE-LY, aliyepewa warfarini alijua ni warfarini, na daktari wake alijua. ROCKET AF walitaka pande zote mbili zisijue, na njia waliyotumia inafaa uielewe hatua kwa hatua. Kila mshiriki, hata wa rivaroksabani, alichomwa kidole. Mashine haikuonyesha INR bali namba ya siri. Daktari aliipeleka namba hiyo kwenye mfumo, akarudishiwa INR: ya kweli kama mshiriki alikuwa kwenye warfarini, ya kubuni kama hakuwa. Kisha akapandisha au kushusha dozi, ambayo kwa wengine ilikuwa kidonge kisicho na dawa. Kazi safi kabisa. Tatizo ni kwamba mwishoni mwa 2014 ilitolewa tahadhari rasmi Marekani kuhusu aina hiyo ya mashine kwa sababu ilikuwa ikisoma chini ya ukweli kwa baadhi ya wagonjwa, wakiwemo wenye upungufu mkubwa wa damu. Takwimu zilichambuliwa upya na hitimisho likabaki lilelile. Ila wewe unafanya kazi Uganda, ambako upungufu wa damu ni jambo la kila siku wodini. Ukikabidhiwa mashine ya kidole, soma karatasi yake uone inakubali hematokriti (sehemu ya damu iliyo seli nyekundu) ya kiwango gani, na uliza ni lini italinganishwa na maabara.

Sasa jaribio ambalo ningependa ulisome kabla ya mengine yote: INVICTUS, la rivaroksabani dhidi ya warfarini, lililotolewa 2022. Majaribio makubwa ya awali yaliwaacha nje wenye vali ya mitrali (mlango wa damu ndani ya moyo, upande wa kushoto) iliyobana sana, yaani wagonjwa wengi tunaowaona kwenye kliniki za moyo hapa, ambao mioyo yao iliharibiwa na homa ya rumatiki utotoni. INVICTUS likawachukua hao, washiriki zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wastani wa umri ulikuwa miaka 50 na nusu, na zaidi ya 70% walikuwa wanawake. Kwenye majaribio ya awali tulizoea wazee wa miaka sabini. Wengi walitarajia rivaroksabani ishinde, au angalau itoke sare. Waliopata kiharusi, mgando kwingineko mwilini, shambulio la moyo, au kufa kwa sababu za moyo na mishipa au zisizojulikana walikuwa 560 upande wa rivaroksabani na 446 upande wa warfarini na dawa za jamii yake. Kuvuja kukubwa hakukutofautiana kwa kiasi cha maana.

Kwa nini? Tofauti kubwa ilikuwa kwenye vifo, na viharusi pekee haviwezi kuieleza. Wapo wanaosema aliye kwenye warfarini huonana na mhudumu mara nyingi zaidi kwa sababu ya INR. Mimi naliona hilo lina uzito, ingawa halijathibitishwa.

Kwenye fomu za jaribio, sehemu itakayokusumbua zaidi ni kuvuja damu. Kigezo kinachotumika sana, cha mwaka 2005, kinasema kuvuja ni kukubwa kukiua, kukitokea mahali pa hatari kama kichwani, au kukionekana wazi huku himoglobini ikishuka gramu 2 kwa desilita au mgonjwa akiongezewa chupa mbili za damu au zaidi. Sasa fikiria damu haipo benki, mgonjwa akapata chupa moja tu. Au malaria imeshusha himoglobini yake wiki hiyohiyo. Andika kila kitu: kilichoombwa, kilichopatikana, kipimo cha malaria. Wanaoamua kama kuvuja kulikuwa kukubwa wako mbali na hawataijua wodi yako usipowaeleza.

Na usiulize "umetokwa na damu?" Atakujibu "hapana, musawo" (yaani daktari), akuridhishe. Kwa Mkongomani au yeyote mnayeongea naye Kiswahili, uliza hivi: "Mama, choo kimekuwa cheusi? Ukipiga mswaki mate yanatoka mekundu? Hedhi hii umebadilisha pedi mara ngapi kwa siku?" Uliza pia kama ameanguka na boda, hata kama hakuumia.

Kuvuja kidogo kusikufurahishe mapema. Asundeksiani, dawa nyingine mpya ya kuzuia mgando, ilionekana hivyo kwenye awamu ya pili ya majaribio. Ilipofika awamu ya tatu dhidi ya apiksabani, jaribio la OCEANIC-AF likasimamishwa Novemba 2023: viharusi na migando 98 upande wa asundeksiani, 26 upande wa apiksabani. Na ximelagatrani, dawa ya kuzuia mgando iliyotangulia hizi zote, iliondolewa 2006 kwa sababu ya ini, baada ya madhara kujitokeza kwa mgonjwa aliyekwisha maliza dawa. Basi ziara ya baada ya dawa kuisha usiifanye ya kupitisha tu.

Vibali vya kamati ya maadili, UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia) na NDA (mamlaka ya dawa) utafundishwa na ofisi, sina la kuongeza.

Kubwa lililobaki ni dawa nyingine. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza apiksabani au rivaroksabani mwilini kwa karibu nusu. Ritonavir, dawa inayotumika kwa wenye VVU, huipandisha rivaroksabani. Kwenye warfarini INR ingekuonyesha mabadiliko. Kwenye dawa mpya hakuna kipimo cha kawaida cha kukushtua, na mshiriki anaweza kuanzishiwa dawa za TB kituo kingine asikuambie kwa kuhofia kutolewa kwenye utafiti. Kila ziara mwombe amwage mfuko wake wa dawa mezani, vidonge na mitishamba. Ukiona rifampisini, mpigie daktari wa utafiti kabla mgonjwa hajaondoka.