Gesi ipo, lakini Mtwara tuanzie kwenye korosho

Nimekuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima huku Mtwara kwa misimu kadhaa, na kila kikao cha maendeleo ya mkoa huanza na gesi. Si ajabu. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, mwaka 2013 watu wakaingia barabarani kupinga bomba, na 2015 bomba likazinduliwa, gesi ikaenda Dar es Salaam. Mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba unafanya kazi, ila mitambo ya aina hii ikishajengwa haihitaji watu wengi.

Ushauri wangu kwa diwani na mwenyekiti wa kijiji: anzeni na korosho. Na ndani ya korosho, anzeni na kangomba, yaani mnunuzi anayemlipa mkulima kabla ya mavuno, nje ya mfumo rasmi.

Februari hadi Aprili ndani hamna kitu, mtoto anadaiwa michango shuleni. Mkulima anauza korosho ambazo mti haujatoa hata maua yake, watakazopimiana kwa bakuli, si kwa mzani. Oktoba magunia yanaingia ghalani kwa jina la mtu mwingine, nami naandika stakabadhi huku nikijua fika shamba ni la nani. Kamata wanunuzi wote uwezavyo. Njaa ya Machi iko palepale. Kinachosaidia ni chama kukopesha fedha kidogo mwezi huohuo wa Februari, kikate kwenye malipo ya mnada. Na malipo yasichelewe. Mwaka 2018 Serikali ilitangaza shilingi 3,300 kwa kilo, bei nzuri kabisa, lakini wapo waliosubiri fedha hadi mwaka uliofuata. Hapo kangomba ananenepa.

Halafu kubangua. Korosho nyingi bado zinaondoka ghafi kwenda India na Vietnam. Akina mama wanaobangua kwa mkono wanajua mafuta ya ganda yanavyobabua vidole, na punje ikivunjika bei nayo imevunjika. Kikundi kianze na glovu na mashine za mkono, na kihakikishiwe korosho kabla ya mnada, maana kushindana na mnunuzi wa nje hakiwezi. Majengo makubwa ya viwanda vya kubangua tunayo tangu miaka ya 1970, mengine yamegeuka maghala.

Gesi nayo isisahaulike. Kwenye baraza la madiwani ulizeni ushuru wa huduma kutoka kwa kampuni za gesi umeingia kiasi gani na umejenga nini. Mkiambiwa taarifa italetwa kikao kijacho, ombeni iandikwe kwenye muhtasari, pamoja na cheo cha atakayeileta.